Safu ya nne

Daftari langu la kazi ni kauntabuku ya kurasa mia mbili, jalada limechanika na limeshikiliwa na selotepu. Kila ukurasa nimeupiga mistari kwa rula: jina la mteja, kazi, bei, diposti, baki. Mimi ni seremala wa Kibuye, hapa Kisumu, tangu 2006. Ukiniuliza ni safu ipi ya daftari hilo inayonilisha na kuninyima usingizi, nitakuonyesha ya nne. Nilikuwa nimeijaza kwa miaka mingi kabla sijajua kwamba ina jina ndani ya Biblia.

Kanisa letu lilianzisha masomo ya jioni kwa sisi wahubiri wa kujitolea, wale wanaopewa mimbari mchungaji akisafiri. Mwalimu wetu alikuwa mchungaji mstaafu, mzee wa maneno machache, aliyeamini kwamba mhubiri asiyejua maneno anayoyatamka ni sawa na mtu anayeuza dawa bila kusoma kibandiko. Kila jioni alituletea neno moja la Kigiriki. Siku hiyo tulikuwa Waefeso sura ya kwanza. Akaandika ubaoni herufi za Kigiriki, na chini yake kwa herufi zetu: arrabon. Akamwambia mmoja wetu asome mstari wa 14.

"Ndiye aliye arabuni ya urithi wetu..."

"Inatosha. Arabuni ni nini?"

Kimya. Mwalimu mmoja wa sekondari akajaribu: "Ni baraka, mchungaji?" Mama mmoja wa kwaya akasema, kwa uhakika wote, kwamba ni kule Paulo alikokwenda baada ya kuokoka. Tukacheka, lakini hakuwa amebuni. Wagalatia 1:17 panasema kweli kwamba alikwenda zake Arabuni, yaani nchi ya Waarabu. Mchungaji naye akacheka, akafuta machozi, akasema hapana, mama, hii nyingine.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, suruali ina vumbi la msasa, na neno likawa linanipigapiga kichwani. Niliwahi kulisikia, tena si kanisani. Nilipoanza kazi nilikuwa nanunua mbao kwa mzee mmoja wa Kaloleni, Mwislamu, mtu wa asili ya Pwani. Ukichagua mbao na huna pesa zote, hakusema diposti kama wengine. Alisema, "Leta arbuni, mwanangu, nikuwekee." Nikainua mkono.

"Mchungaji, si ni diposti?"

Akaniangalia kwa muda. "Fundi," akasema, "umewashinda walimu."

Basi akatueleza. Neno lenyewe Wagiriki hawakulizaa. Walilitoa kwa wafanyabiashara wa Kisemiti, Wafoinike na jirani zao, waliozunguka bahari wakiuza na kununua. Kwa Kiebrania ni eravoni. Kwa Kiarabu ni arabuni au urbuni, na kwa njia hiyo ya Kiarabu likapanda majahazi likatufikia sisi. Kwa hiyo neno ambalo Paulo aliandika kwa Kigiriki na neno la mzee wangu wa Kaloleni ni ndugu wa tumbo moja. Waliachana sokoni zamani, mmoja akaenda Korintho, mwingine Mombasa. Wagiriki wa leo bado wanalo, ila limehamia kwenye mapenzi: kwao ni uchumba, siku ya kuvishana pete.

Katika Agano Jipya neno hili limo mara tatu tu, zote katika nyaraka za Paulo: 2 Wakorintho 1:22, tena 5:5, na hapo Waefeso 1:14. Zote tatu zinamhusu Roho Mtakatifu. Biblia ya Habari Njema imeweka dhamana mahali pake. Sina ugomvi nayo, lakini kwa Mkenya dhamana ni mambo ya kortini. Binamu yangu alipokamatwa, tulipeleka hati ya shamba la mzee, na kesi ilipokwisha tukarudishiwa hati yetu. Hati si faini, na wala hakuna aliyetarajia kupewa mashamba mengine zaidi ya hilo. Arabuni hairudi. Arabuni ni pesa kama zile zilizobaki, ila hizi zimetangulia.

Ajabu ni kwamba hata neno hilohilo la zamani lilibeba maana zote mbili. Katika Mwanzo 38, ile habari ya Yuda na Tamari ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa Jumapili watoto wakiwapo, Yuda anaahidi mwana-mbuzi, na Tamari anamwambia aache kitu kwanza: pete ya muhuri, kamba na fimbo. Biblia yetu inaviita rehani. Biblia ya Kiyahudi iliyotafsiriwa Kigiriki kabla ya Kristo ilitumia pale arrabon. Lakini pete si mbuzi. Kufikia wakati wa Paulo, sokoni, neno lilikuwa limekwisha kusogea.

Tunajuaje? Hapa mchungaji alinipata kabisa. Akasema kule Misri, mchanga mkavu umehifadhi maelfu ya karatasi za mafunjo: barua, risiti, mikataba ya watu wa kawaida wa enzi hizo walioandika Kigiriki. Katika barua moja ya karne ya kwanza, iliyopatikana Oxyrhynchus, mtu anamwandikia mwenzake kuhusu Lampon, mkamata panya. Amempa drakma 8 ziwe arabuni, ili awakamate panya. Karatasi nyingine ni ya kuajiri wachezaji ngoma kwa sherehe ya kijiji, na wameelezwa kwamba arabuni waliyopewa itahesabiwa ndani ya malipo yao.

Mkamata panya! Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha hivyo. Nilikuwa nikidhani maneno ya Biblia yalishuka yakiwa yamevaa kanzu. Kumbe Paulo alikuwa na neno la mkamata panya, la bendi ya kijijini, na la fundi wa Kibuye, akalichukua na kulipachika kwa Roho wa Mungu bila hata kulipangusa. Yeye mwenyewe, tusisahau, alikuwa fundi wa mahema. Nina hakika safu ya nne aliijua.

Kando ya neno hilo, kwa Kiswahili, kuna kitenzi kurubuni, yaani kulaghai. Yeyote aliyewahi kumpa fundi pesa kabla ya kazi ataona maneno hayo mawili yanavyokaribiana, kwa sauti na kwa tabia. Sasa nifike kwangu.

Miaka kadhaa kabla ya masomo hayo, mama mmoja aliniagiza meza ya kulia na viti sita, mahogani, shilingi 52,000. Akanipa 20,000 mkononi, akaniona nikiziandika. Baki 32,000. Nilipaswa kwenda kununua mbao kesho yake. Lakini kulikuwa na mteja mwingine aliyekuwa akinifokea kila siku juu ya makochi yake, na sponji yake sikuwa nimenunua, kwa sababu diposti yake ilikuwa imelipa karo. Nikanunua sponji kwa pesa ya meza. Mafundi wenzangu wanaijua hesabu hii: unachimba shimo ufukie shimo. Ukiwa mjanja unaweza kuishi hivyo miaka, almradi kila wiki aingie mteja mpya.

Mwezi ule mteja mpya hakuingia.

Mama akapiga simu. Nikamwambia mbao zinakauka. Akapiga tena baada ya wiki mbili, nikamwambia viti vimekwisha, imebaki vanishi. Hakukuwa na kiti hata kimoja. Hakukuwa na mbao. Nilikuwa nimefika mahali pa kueleza rangi ya vanishi ya viti ambavyo mti wake bado ulikuwa umesimama msituni. Baadaye nikawa sishiki simu, na nikiona mwanamke wa umbo lake akitokea upande wa barabara ya Kakamega, nazunguka nyuma ya kibanda kama mtu aliyeitwa na choo.

Siku moja alinikuta. Alikuja asubuhi, akachukua kigoda, akaketi mlangoni, akatoa chupa ya chai na mandazi kwenye mkoba. Hakupiga kelele. Vijana wangu wawili wakajifanya wanapiga msasa ubao uliokwisha kupigwa msasa. Nilipoona hakuna njia, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nipe wiki mbili, nitakurudishia pesa yako yote."

Akamalizia chai yake. "Pesa ipi?"

"Ile elfu ishirini, mama."

"Fundi, ile si pesa yangu tena. Ile ilishakuwa meza. Nikiichukua nitakuwa nimekuachilia, na mimi sijakuachilia. Nataka meza yangu."

Nilimwona mkorofi. Mtu anakataa pesa! Nikauza mashine ya randa, ile ya umeme niliyoinunua kwa mkopo wa chama, nikanunua mahogani, nikairanda kwa mkono hadi viganja vikatoka malengelenge. Nilipompelekea, alizunguka meza mara mbili, akapapasa pembe zote, akanihesabia 32,000 bila kupunguza hata mia. Nilikuwa nimetarajia atakata kitu kwa ajili ya usumbufu, na ningekubali. Hakukata.

Kwa hiyo mchungaji alipouliza darasani, "Arabuni inamfunga nani?" mimi nilijibu haraka: anayepokea. Nilikuwa na malengelenge ya kuthibitisha.

Akasema, "Kweli. Na anayetoa?"

Nikakumbuka kijana mmoja aliyeniagizia kabati. Alilipa elfu tano, nikamaliza kazi, akapotea. Kabati likakaa mwaka mzima likiniziba njia, likijaa vumbi na paka akazalia ndani. Mwishowe nikaliuza. Elfu tano zake? Zilikufa, na hakuna mtu wa Kibuye atakayesema nilimwibia. Ndivyo biashara ilivyo: mnunuzi akigeuka, alichotanguliza kimekwenda. Kwa hiyo nikasema, "Anayetoa naye amefungwa, mchungaji. Akikimbia anapoteza alichotoa."

"Haya. Katika mstari huu, anayetoa ni nani?"

Hapo ndipo nilinyamaza. Miaka yote nilikuwa nimeusoma mstari huo, na mingine ya aina hiyo, nikijiweka mimi upande wa mlipaji. Nilidhani wokovu wangu naulipia polepole: maombi haya, mkesha huu, sadaka hii, na siku moja nitamaliza baki. Nikikosa, nimepoteza nilichotanguliza. Nilikuwa nikimkwepa Mungu kama nilivyomkwepa yule mama, nikizunguka nyuma ya kibanda. Lakini Paulo hasemi hivyo. Mungu ndiye aliyetupa. Yeye ndiye mnunuzi, ametanguliza, na alichotanguliza si shilingi bali Roho wake mwenyewe. Akigeuka, atapoteza nini? Mchungaji hakulijibu hilo swali. Aliliacha likaning'inia, akachukua kitambaa akafuta ubao upande mmoja.

Kisha akatuongezea jambo la sarufi. Paulo kwa Wakorintho anasema "arabuni ya Roho". Wengine walidhani maana yake tumepewa kipande cha Roho, kingine kitakuja. Akasema: mkisema "mji wa Kisumu", je, Kisumu ina mji, au mji ndio Kisumu? Mji ndio Kisumu. Basi arabuni ndiye Roho. Hiyo sikuisahau, na nimeitumia katika mahubiri mara nyingi kuliko inavyostahili.

Na katika 2 Wakorintho 1:22 arabuni inafuatana na muhuri: alitutia muhuri akatupa arabuni. Mimi nikienda Kakamega kuchagua mbao, hufanya hivyohivyo. Nalipa ya mwanzo, halafu naandika herufi zangu kwa rangi nyekundu kwenye kila ubao, ili mwingine asije akauziwa. Vyote kwa pamoja.

Nilimpelekea mke wangu somo hilo usiku uleule. Yeye ni Mjaluo, mimi Mmaragoli, na alinikatiza mara moja. "Unasema ayie." Kwa Wajaluo, kabla ng'ombe hawajatajwa, unapeleka ayie kwa mama wa binti, neno lenyewe maana yake ni kwamba nimekubali. Nilipeleka yangu mwaka 2009, nikiwa na wazee wangu watatu waliovaa koti za kuazima. Nikamwambia mke wangu ayie si sawa kabisa, kwa sababu ayie ni fedha na kinachofuata ni ng'ombe. Akaniuliza hao ng'ombe waliobaki wako wapi basi, maana yeye anakumbuka waliofika. Tukaishia hapo.

Maana ya pili ya arabuni, ile ya kwamba kilichotangulia ni cha namna moja na kilichobaki, niliielewa kwa kichwa jioni ile. Kuielewa kwingine kulichukua miaka miwili.

Mama yangu alipata kiharusi. Tulimtoa kijijini Vihiga tukamleta Kisumu hospitalini. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yamemtoka. Mwanamke aliyejulikana soko zima kwa mdomo wake, akawa anasema neno moja tu, "ee", kwa kila jambo. Una njaa? Ee. Umeshiba? Ee. Nilikaa naye usiku, nikisoma Biblia kwa mwanga wa simu, na nikafika 2 Wakorintho 5. Pale Paulo anaongea juu ya mwili kama hema linalobomolewa, na anasema sisi tulio katika maskani hii twaugua. Kwa Kigiriki ni kupiga kite, kuguna kwa uzito. Kiswahili chetu kina kuugua kwa maana hiyo, na kina kuugua kwa maana ya wodi ya kina mama yenye vitanda ishirini. Sikuhitaji kuchagua. Mstari unaofuata, katikati ya kuugua huko, ndimo limo neno langu la safu ya nne.

Usiku wa tano, karibu saa tisa, mama akaanza kuimba. Si kuguna; kuimba. Ubeti mzima wa wimbo wa kanisa kwa Kilogooli, kila neno mahali pake, sauti imekwaruza lakini haikupotea njia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Muuguzi akaja akasimama na kalamu yake. Ubeti ulipokwisha nikamwinamia, nikamwita, "Mama?" Akaniangalia. "Ee."

Muuguzi alinieleza, kwa upole, kwamba hutokea kwa watu wa kiharusi: mazungumzo yakazimika, wimbo ukabaki, kwa kuwa ubongo hauwekei vyote mahali pamoja. Nilimshukuru, na ninaamini alisema kweli. Lakini mimi ni mtu wa diposti. Najua mteja akikuwekea mkononi noti tano, huwezi kusema hujaona pesa yake ikoje. Umeiona. Umeishika. Bado nyingi, lakini ni hizo hizo.

Alifariki baada ya siku tisa. Jeneza nilitengeneza mwenyewe, mahogani, bila msumari hata mmoja wa urembo, kwa sababu hakuwa mtu wa urembo. Nilipolimaliza nikafungua daftari kwa mazoea, nikaandika jina lake, nikaandika kazi. Safu zilizobaki niliziacha wazi, na ukurasa ule sijautumia tena.

Sasa nina kopo. Ni kopo la rangi la lita nne, nimelitoboa tundu kwenye kifuniko, na diposti ya kila mteja inaingia humo ikiwa kwenye bahasha yenye jina lake. Za M-Pesa nazitoa kwanza kwa wakala. Nilipohubiri juu ya arabuni vijana wangu walikuwapo, na tangu siku hiyo kopo wamelipa jina. Wanaliita Roho. Nimewakemea, wakaacha wiki moja.

Januari iliyopita karo ilinibana. Kopo lilikuwa na elfu kumi na nane za kitanda cha mtu. Jioni, watu wamepungua, nikalishusha kutoka rafuni, nikaanza kulegeza kifuniko kwa patasi. Yule kijana mdogo zaidi, ambaye hata hajamaliza mwaka kwangu, alikuwa anafagia maranda. Hakuinua uso.

"Mzee," akasema, "hiyo si ni kitanda?"

Nikakigonga kifuniko kwa nyundo mpaka kikakaa, nikarudisha kopo juu, nikaenda kwa mweka hazina wa chama kuomba mkopo.